Tumelipa Chumba, Mlima Umegoma Kutoka!

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda likizo na familia, uone maswali yake. La kwanza atakuuliza ufukwe gani. La pili, kuna bwawa la kuogelea? La tatu hatalitamka kwa mdomo ila utaliona machoni: hizo fedha umezipata wapi? Ndiyo mji wetu huo. Likizo kwetu ni kutanua. Kama hukupiga picha umeshika glasi yenye kipande cha nanasi pembeni, basi hukwenda popote, ulikuwa umejificha nyumbani.

Lakini kuna likizo ya aina nyingine, ambayo Wazungu waliishtukia zamani na sisi wenye nchi ndiyo kwanza tunaamka. Unakwenda kulala nyumbani kwa mtu. Si hoteli, si gesti. Ni nyumba ya watu, ina baba, ina mama, ina ng'ombe zizini na picha za harusi ukutani, isipokuwa wenyewe wameongeza vyumba viwili vitatu na wanapokea wageni wa kulipia. Unakula wanachokula. Asubuhi unafungua dirisha, mlima huo hapo unakutazama. Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nyumba za namna hiyo zipo. Likizo ya Juni iliyopita nilitua huko na jeshi langu zima: mama watoto, binti yangu wa miaka 9, mdogo wake wa miaka 6, na mama yangu mzazi.

Huyo wa mwisho ndiye aliyeianzisha safari.

Mama amepita miaka 70 na ana ugonjwa wa presha ya macho, ambao wataalamu wanauita glakoma. Msomaji, ule ugonjwa ni mwizi wa usiku. Kwa kawaida hauumi, hauwashi, hauna kelele. Unaanza kula pembeni ya macho taratibu, na kwa kuwa mbele mtu bado anaona, hana habari kabisa, mpaka siku anaanza kugonga fremu za milango ya nyumba yake mwenyewe. Kilichokwisha kupotea hakirudi tena. Matone anayotiwa kila siku kazi yake ni kulinda kilichobaki. Mama mwenyewe anasema anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

Daktari wake hakututajia tarehe. Alisema tu kwamba kama kuna kitu Mama anapenda kukiona, tusikiweke kiporo.

Siku hiyo tukiwa njiani kurudi nyumbani nikamuuliza anataka kuona nini. Moyoni nilikuwa nimeshajiandaa kusikia Makka, na nilishaanza kuwahesabu ndugu wa kuwapigia simu ya mchango.

"Kilimanjaro," akasema.

"Na Makka, Mama?"

"Makka nitakwenda hata nikiwa kipofu. Kule mtu haendi kutazama."

Nikanyamaza. Sasa wewe ungejibu nini hapo?

Kisa chenyewe kinatoka mbali. Mama ni mtu wa Rufiji. Mwaka 1961 alikuwa mtoto anayeanza shule. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba mwaka huo, Luteni Alexander Nyirenda alifika kwenye kilele cha Kilimanjaro akasimamisha bendera mpya na kuuwasha Mwenge wa Uhuru. Mwalimu wao akalichora tukio lile ubaoni: mlima, juu yake barafu nyeupe kama kofia, juu ya barafu moto. Mama akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, moto na barafu vinakaaje pamoja?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakujibu, akaendelea na somo. Miaka zaidi ya 60 imepita, Mama amezaa, amelea, amezika mume, na swali lake bado analo mkononi.

Basi mama watoto akaitafuta nyumba. Kazini kwake kuna dada mmoja ambaye kwao ni Marangu, akatuunganisha na jirani yao anayepokea wageni. Mama mwenye nyumba akatutajia bei kwa shilingi, vyumba viwili na milo mitatu. Nikailinganisha na bei ya hoteli moja ya ufukweni niliyokuwa nimeulizia: usiku mmoja kule ulitosha siku tatu za Marangu. Nikasema hapa hapa.

Kazi ikawa kumwelewesha Mama.

"Tunalala kwa nani?"

"Kwa watu fulani, Mama."

"Ndugu zetu?"

"Hapana."

"Wanatujua?"

"Hawatujui. Tunawalipa."

Akanitazama kwa lile tundu lake la ufunguo. "Yaani mtu anakukaribisha nyumbani kwake, halafu unamlipa? Basi hiyo siyo karibu, hiyo ni lojingi."

Nikajaribu kumweleza kwamba siku hizi ndivyo dunia inavyokwenda. Hakunielewa na wala hakutaka. Wiki mbili zilizofuata akawa anakaa barazani na ukindu wake anasuka mkeka. Watu wa Rufiji kwa mikeka huwawezi, na Mama vidole vyake vinaona kuliko macho. Nilipomuuliza wa nani, akasema yeye haendi nyumbani kwa watu mikono mitupu, fedha zangu ni zangu na adabu yake ni yake.

Tukaondoka Jumatatu alfajiri kutoka stendi ya Mbezi. Ukisafiri na watoto wa mjini kwenda Kaskazini, jiandae. Tulipofika Mombo, milima ya Usambara ikasimama upande wa kulia. "Baba, ndiyo Kilimanjaro?" Hapana. Tukafika Same, milima ya Upare ikajipanga. "Ndiyo Kilimanjaro?" Bado. Tukafika Mwanga. "Na hiyo?" Mpaka abiria wa kiti cha mbele akageuka akasema, "Mdogo wangu, ukiuona wenyewe hutauliza."

Maneno mazito. Tatizo ni kwamba tulipofika Njia Panda ya Himo saa kumi jioni, upande ule ambao mlima ulitakiwa uwepo kulikuwa na wingu jeupe tupu, limelala kama godoro. Tukapanda Noah, tukabanwa kama dagaa, tukakwea mpaka Marangu Mtoni na zaidi, kwenye baridi ambayo watoto wangu waliijulia kwenye friji tu.

Mama mwenye nyumba alikuwa getini anatusubiri. Umri wake na wa Mama haupishani sana. Akamshika Mama mkono akamwambia, "Karibu dada yangu, pole na safari, karibu nyumbani." Mama akampa mkeka pale pale getini, kabla hata ya kuingia. Yule mama akaupokea kwa mikono miwili, akaugeuza, akaupitisha vidole, akasema "Aika," yaani asante kwa Kichaga, mara mbili tatu. Baadaye nikauona ameutandika sebuleni kwake, siyo kwenye vyumba vya wageni.

Ile nyumba imejificha ndani ya kihamba, shamba la ukoo ambalo Wachaga wanarithishana vizazi na vizazi. Juu migomba, chini yake mibuni, chini yake tena magimbi na mboga. Pembeni unapita mfongo, mfereji wa maji ambao wazee wao waliuchimba kwa jembe la mkono kuyatoa maji mtoni juu na kuyaleta mashambani. Chini ya migomba mingine kuna makaburi ya babu na bibi zao. Mwanangu mdogo akauliza kwa nini wamezikwa nyumbani. Mzee wa nyumba akamjibu, "Ili wasipotee." Jibu likaisha hapo, na mtoto akaridhika kuliko mimi.

Jumanne asubuhi nikafungua dirisha kwa mbwembwe. Wingu! Nikatoka nje nikamuuliza mzee, mlima uko wapi? Akanyoosha kidole kwenye weupe ule: "Uko pale pale." Kweli, mlima haujaenda popote. Lakini mimi nimetoka Dar es Salaam na mama mwenye macho yanayokwisha, naonyeshwa wingu.

Tukasimama uani sote watano tumevaa kila nguo tuliyobeba.

"Mwanangu," Mama akasema, "mimi macho mabovu. Nyie mnaona nini?"

"Hata sisi hatuoni kitu, Mama."

"Basi leo tumelingana." Akacheka mpaka akakohoa. Mimi kicheko kilinikwama.

Siku ile tukaenda kwenye maporomoko ya Kinukamori. Mama akaa juu na shali lake, anasikiliza maji, watoto wakashuka chini wakarudi wameloa. Tuliporudi nyumbani, mtihani ukanisubiri mimi. Wenyeji wetu ni Walutheri, sisi ni Waislamu, na mama mwenye nyumba hakutaka utata wowote kwenye sahani ya Mama. Akanikabidhi kisu na jogoo hai. "Baba, tunakusubiri wewe uchinje."

Jamani! Mimi ni mtoto wa mjini. Kuku wangu nanunua akiwa ameshanyonyolewa, amelala kwenye mfuko. Yule jogoo alinitazama akanijua. Mama watoto akaingia jikoni upesi ili acheke kwa nafasi. Mama akaja akasimama nyuma yangu, akanielekeza kwa maneno, shika hapa, mwelekeze kibla, sema Bismillahi, usisite. Sikusita. Jioni tulipokula mtori wa ndizi mshare na yule jogoo, binti yangu akatangaza mbele ya wote kwamba baba alikuwa anatetemeka. Mzee akasema kwamba hata mkuki wa Mangi ulitetemeka siku ya kwanza. Nikamshukuru kwa kunisitiri.

Usiku mzee akatusimulia karibu na moto. Yeye ujanani alikuwa mpagazi wa mlimani, wale wanaoitwa "wagumu", wanaobeba mizigo ya watalii kichwani na mgongoni mpaka kambi za juu. Akawasimulia watoto hadithi ya Kibo na Mawenzi: kwamba walikuwa ndugu, Mawenzi mvivu, kila siku anakwenda kwa Kibo kuomba moto, mpaka siku moja Kibo akachoka akamtandika kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi mpaka leo kichwa chake kimechongoka chongoka. Watoto wakafurahi kweli. Mama alikuwa anasikiliza huku uso kaugeuzia dirishani, kwenye giza, upande wa mlima.

Jumatano, wingu. Nikaanza kupiga hesabu. Tiketi za kurudi zilikuwa za Ijumaa, ruhusa yangu kazini inaishia Jumapili, na mfukoni kulikuwa na nauli na akiba ya maji ya kunywa. Mama watoto akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba nanii, na usipotoka je?" Nikamwambia utatoka. Nilisema kwa sababu mtu lazima aseme kitu.

Alhamisi, wingu. Na ndiyo ilikuwa siku ya tatu. Wahenga wetu wa Pwani walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na nilidhani kwa mgeni anayelipa methali ile haifanyi kazi. Inafanya! Mama mwenye nyumba aliamka akawagawia watoto mundu mmoja na kamba, wakafuatana na kijana wa pale kukata majani ya ng'ombe. Ng'ombe wa kule hawatoki kwenda kuchunga, wanaletewa chakula zizini kama wagonjwa wa wodini. Mama watoto akapewa kisu na mkungu wa ndizi za kumenya, mikono ikawa myeusi kwa utomvu. Mimi nikapewa jembe lenyewe, nikapelekwa kuusafisha mfongo uliokuwa umeziba kwa majani na tope.

Nilipinda mgongo masaa mawili. Nilipopumzika nikasikia vicheko jikoni. Mama na yule mwenzake walikuwa wamekaa kwenye vigoda, Mama anamfundisha kusuka ukili, wamefumba macho wote wawili! Kumbe Mama alikuwa amemwambia ukitazama utakosea, acha vidole vifanye kazi. Wanasimuliana habari za waume, za wakwe, za watoto wasiopiga simu. Hapo nilipotajwa nikarudi kwenye mfongo wangu.

Sijui kama nimewahi kumuona Mama akiwa hivyo tangu Baba afariki. Nyumbani kwangu tunamhurumia mno. Kaa Mama, acha Mama, utaungua Mama. Pale jikoni hakuna aliyemhurumia. Alikuwa mgeni wa siku ya tatu, na jembe lake lilikuwa ukindu.

Usiku ule hatukuutaja mlima. Tulifunga mizigo. Basi lingepita Njia Panda saa tatu asubuhi, kwa hiyo tulitakiwa tuondoke saa moja na nusu. Mama akaniambia nisijisumbue, amefurahi, na mlima ameusikia. Maneno ya mzazi anayekufariji wewe badala ya wewe kumfariji yeye, unayajua yanavyouma.

Ijumaa alfajiri mlango ukagongwa. Sauti ya mama mwenye nyumba: "Amkeni! Ametoka!"

Nilidhani ng'ombe. Nikatoka na msuli, bila viatu. Mama alishamaliza swala zamani, alikuwa amesimama mlangoni na blanketi begani, kashikwa mkono na yule mwenzake, wanaelekea kwenye upenyo nyuma ya zizi ambako migomba haizibi. Nikawafuata. Watoto nyuma yangu.

Msomaji, yule abiria wa basini alisema kweli. Ukiuona huulizi. Mawingu yalikuwa yameshuka chini yamelala, na juu yake, kulia Mawenzi na meno yake, kushoto Kibo, mkubwa, mtulivu, jua la kwanza limempiga usoni. Mita 5,895 za jiwe na weupe. Mama watoto akashika mdomo.

"Uko wapi?" Mama akauliza. "Mbona sioni?"

Alikuwa anatafuta chini, mahali ambapo vilima vinakuwepo. Kila mtu anayeuona mara ya kwanza hukosea hivyo, anautafuta chini wakati wenyewe uko juu, mbinguni huko. Na Mama anaona kipande kidogo tu kwa wakati mmoja. Nikamshika kidevu, kama yeye alivyokuwa akinishika akinifuta makamasi, nikamwinua kichwa. "Juu, Mama. Juu tena. Sasa kushoto kidogo. Hapo."

Akatulia. Nilihisi kidevu kimetulia mkononi mwangu.

"Kile cheupe?"

"Kile."

"Siyo wingu?"

"Siyo wingu, Mama."

Akakaa kimya muda. Kisha akaanza kukisogeza kichwa mwenyewe taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto, anaukusanya mlima kipande kwa kipande. Hakuna aliyesema neno. Hata mwanangu mdogo, ambaye hanyamazi hata akiwa amelala.

"Mwalimu alituchorea kofia nzima," Mama akasema mwishowe. "Hii mbona baraghashia iliyoliwa na mende?"

Tukaangua kicheko. Mzee naye akacheka, halafu akaacha. Akasema anachokiona Mama ndicho kilichobaki. Alipokuwa kijana akibeba mizigo, barafu ilishuka mpaka kwenye mabega ya Kibo, na sehemu walizozipita zikiwa nyeupe leo ni mawe na vumbi. Wanasayansi wanasema vile vile. Ukilinganisha ramani ya barafu ile ya mwaka 1912 na vipimo vya mwaka 2007, asilimia 85 ya eneo lake ilikuwa imekwisha kupotea. Mwaka 2022 UNESCO iliitaja Kilimanjaro miongoni mwa sehemu zitakazokuwa zimepoteza barafu yake ifikapo mwaka 2050. Maji ya mifongo yanatokana zaidi na mvua na msitu kuliko barafu, kwa hiyo migomba ya mzee haitakauka kwa sababu hiyo peke yake. Lakini binti yangu aliyesimama pale na kandambili miguuni atakuwa hajafika miaka 40 wakati Kibo kinaweza kuwa kipara kabisa.

Mama akamgeukia mzee. "Mzee mwenzangu, wewe umefika kule?"

"Nimefika mara nyingi, mama. Mpaka nikaacha kuhesabu."

"Basi nijibu. Moto na barafu vinakaaje pamoja?"

Nikataka kumweleza mzee habari za Mwenge na mwalimu na darasa lililocheka. Hakuhitaji. Alijibu kama mtu aliyeulizwa njia ya sokoni: "Vinakaa pamoja tangu zamani. Kibo chenyewe ni mlima wa moto. Juu kule kuna shimo kubwa, na ndani yake kuna mahali panapotoka mvuke na harufu ya kiberiti mpaka leo. Barafu iko hapo hapo jirani. Moto umelala chini, barafu imekaa juu, hakuna anayemgusa mwenzake."

Mama akafikiri. "Kwa hiyo swali langu halikuwa la kijinga."

"Halikuwa la kijinga hata kidogo, mama."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyerudishiwa chenji yake baada ya kusubiri sana. Dakika 20 hivi, au 25, mawingu yakaanza kupanda. Yakafika kiunoni, yakafika shingoni, yakafunika. Onyesho limekwisha. Chai ilikuwa tayari.

Wakati wa kuondoka nikalipa. Mama mwenye nyumba alihesabu fedha zake mbele yangu, akaandika kwenye daftari lake, hakuna aibu, hiyo ni kazi yake na ndiyo inayosomesha wajukuu. Kisha akatubebesha mkungu wa ndizi, parachichi kwenye kiroba na kahawa aliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe, na hivyo hakuviandika popote. Akamkumbatia Mama wakaambiana maneno yao.

Ndani ya basi, tukiwa tunaipita Same, nikamchokoza Mama. "Haya, ile ilikuwa karibu au lojingi?"

Akajibu bila kufungua macho. "Chumba tumelipia. Chakula tumelipia. Ya kutuamsha alfajiri hatukulipa. Hilo ni deni."

Nimelifikiria sana neno lile. Yule mama alikuwa ameshahakikishiwa fedha zake. Mlima ukitoka au usitoke, bei ni ile ile. Aliamka kabla ya watu wote, akatoka nje kwenye baridi ile kwenda kutazama mawingu, kwa sababu alijua jikoni kwake kuna mtu amekuja kwa ajili gani. Huduma hiyo huikuti kwenye orodha ya bei ya hoteli yoyote.

Sasa wewe mshikaji unayenisoma kwenye daladala, na wewe dada unayejipepea na gazeti hili saluni, nina machache. Ukitaka kwenda, usiende usiku mmoja. Mlima hauna adabu kwa wenye haraka. Kaa siku tatu nne na uwe macho kabla jua halijachomoza, kwa sababu mchana hujifunika. Januari na Februari, au Juni mpaka Oktoba, ndiyo misimu yenye nafuu ya mvua, japo ya katikati ya mwaka inakuja na baridi yake na mawingu yake. Beba sweta, usijifanye ngangari. Sema mapema mnachokula na msichokula. Na ukipewa jembe siku ya tatu, lipokee.

Jingine ni hili la macho. Presha ya macho inatembea katika ukoo. Kama mzazi au ndugu yako anayo, nenda ukapimwe hata kama unasoma namba za daladala kutoka mbali. Mimi nimekwenda, nimeambiwa niko salama kwa sasa na nirudi kila mwaka.

Na kama una mzazi, muulize wiki hii anataka kuona nini. Usimkisie. Wengi wetu tunapeleka watoto kwenye bembea na kuwaacha wazazi walinde nyumba, tukidhani utalii ni mambo ya vijana. Kumbe huenda ana swali la mwaka 1961 anasubiri wa kumjibu.

Mama yuko vizuri. Tundu la ufunguo ni lile lile, halijawa dogo zaidi, tunashukuru. Ila kila akikaa na wenzake, msibani au shughulini, lazima awasimulie alivyouona mlima kwa macho yake mwenyewe. Jumapili nilimsikia. Ile baraghashia iliyoliwa na mende sasa imekuwa kofia nzima, imeshuka mpaka mabegani, inang'aa hadi inaumiza macho. Sikumsahihisha. Ni mahali pekee ninapopajua ambako barafu ya Kilimanjaro inaongezeka.